Kujuana na Watu Katika Kutafuta Kazi

Jioni ya leo twataka kusema nanyi juu ya jambo linalowasumbua vijana wengi wakimaliza shule, na wazazi wao pia, nalo ni kutafuta kazi. Hatutaeleza kazi zote zilivyo, maana usiku hautatosha. Twataka kutazama jambo moja tu: habari za kazi humfikiaje mtu, na ni nani amsemeaye kwa mwajiri asiyemjua.

Kuna wanaodhani kwamba cheti cha shule peke yake chatosha. Kuna na wengine wasemao kwamba pasipo mjomba mkubwa serikalini mtu asijisumbue. Wa kwanza huketi nyumbani akingoja kuitwa. Wa pili hukata tamaa kabla ya kujaribu. Nchi ya Buha ina historia yake katika jambo hili, nayo yafaa itazamwe kabla ya kusema habari za leo.

Katika milima ya Buha ya zamani, mtu aliyetaka kuinuka alihitaji kwanza mtu. Iko desturi iitwayo ubugabire, ambayo Waha waliijua kama walivyoijua jirani zao Warundi. Mwenye ng'ombe wengi alimpa ng'ombe mtu asiye naye, na yule aliyepewa akamtumikia mpaji wake. Hakupata maziwa na samadi tu. Alipata na mkubwa wa kumtetea akipatwa na shauri. Hatuitaji desturi hiyo kwa kuisifu, maana ilimfunga mtu kwa mkubwa wake miaka mingi, bali kwa kuwa inaonyesha kwamba kutafuta mtu wa kukusemea si jambo lililoletwa na wageni pamoja na maofisi.

Kisha ikaja kazi ya mshahara. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mdachi mmoja, Dakta Richard Hindorf. Miche mingi ilikufa njiani, ikasalia 62 tu, na kutoka katika hiyo michache yakaenea mashamba makubwa ya Tanga, Pangani, Muheza na Korogwe, na baadaye ya Morogoro na Kilosa. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Wakati wa Waingereza kodi ilidaiwa kwa fedha, na katika Buha mazao ya kuuza yalikuwa machache, tena masoko yalikuwa mbali. Chumvi ya Uvinza iliwapa watu kazi tangu kale, lakini haikuwatosha wote. Basi wanaume wa Kasulu na Kibondo wakafunga chakula chao cha njiani, wakaenda kukata mkonge. Wengi walikwenda kwa miguu mpaka Tabora, na wengine mbele zaidi, safari ya majuma mengi.

Sasa fikirini. Mtu aliyezaliwa karibu na mto Malagarasi, asiyejua kusoma, alijuaje kwamba huko karibu na bahari kuna shamba linalotaka wakataji? Hakusoma gazeti. Alimwona jirani yake amerudi na blanketi, sufuria na fedha ya kodi, pengine na baiskeli. Jioni watu wakamzunguka wakamwuliza, naye akaeleza: shamba fulani mnyapara wake ni mkali, lakini fulani posho hutolewa kwa wakati, mahali fulani maji ni mabaya na homa ni nyingi, pahali pengine mwenye shamba huandika kipande kwa haki. Kipande ilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara haukulipwa mpaka siku hizo zimalizike kuandikwa. Mtu akidhulumiwa siku tatu katika kipande, amedhulumiwa jasho la siku tatu, na asiyejua kusoma atamshtaki nani? Kwa hiyo habari ya kwamba shamba fulani huandika kwa haki ilikuwa na thamani kuliko habari ya mshahara wenyewe, na habari hiyo haikubandikwa ukutani popote. Ilikaa kinywani mwa aliyekwisha kufanya kazi huko.

Yule jirani aliporudi tena pwani, hakwenda peke yake. Alifuatana na mdogo wake, na shemeji yake, na kijana wa kijiji cha pili. Walipofika shambani, yeye ndiye aliyekwenda kwa mnyapara akasema, "Hawa ni watu wangu, wanajua kazi." Mnyapara akamtazama yeye kwanza, ndipo akawatazama wao. Kisha wakaandikwa, kila mmoja akapewa namba yake, na kwa ajili ya namba hizo wafanya kazi wa mkonge wakaitwa manamba.

Angalieni kwamba yule jirani alifanya mambo mawili yaliyo mbali mbali. La kwanza, aliwapa wenzake habari. La pili, aliwadhamini. Mtu aweza kukupa habari bila kukudhamini, na ni vema mtafuta kazi ajue anaomba lipi katika hayo mawili, maana moja ni jepesi na la pili ni zito. Tutalirudia jambo hili.

Serikali na wenye mashamba nao walijaribu kuipanga safari hiyo. Mwaka 1926 iliundwa Idara ya Kazi, mkubwa wake wa kwanza akiwa Meja Orde-Browne, na moja ya kazi zake ilikuwa kuangalia hali ya wafanya kazi wanaosafiri. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandika watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Ofisi hiyo iliwaandika watu kwa mkataba katika nchi za bara, Buha ikiwa miongoni mwao, ikawapakia katika malori na garimoshi mpaka mashambani. Ilikuwa safari nyepesi kuliko ile ya miguu. Hata hivyo watu wengi waliendelea kwenda kwa hiari yao, pasipo mkataba. Aliyetia kidole gumba katika mkataba alipelekwa alikopelekwa, na muda wake ulikuwa umekwisha kupangwa. Aliyekwenda na watu wake alichagua shamba, na akiliona baya aliweza kuondoka kipande chake kikiisha. Hata mtu asiye na cheti chochote, akiwa na habari za kweli, ana uchaguzi mkononi.

Lakini yako na madhara, nayo hayasemwi mara nyingi. Kila aliyetoka Buha alikwenda kwenye mkonge, kwa sababu aliyemtangulia alikuwa kwenye mkonge. Garimoshi lile lile liliwapitisha katika miji yenye karakana, maduka, bandari na ofisi, wao wakachungulia dirishani wakaendelea na safari. Si kwamba hawakuwa na akili ya kazi hizo. Hawakuwa na mtu huko. Mtu anayejuana na wakata mkonge peke yao hupata habari za kukata mkonge peke yake, hata wakiwa watu wema kiasi gani. Tena waajiri nao wakajizoeza kuwaona Waha kuwa watu wa nguvu, hodari wa panga, na wakiona Mha hawakuuliza kama ajua kuhesabu. Sifa njema ikageuka kuwa boma. Wako wajukuu wa manamba mpaka leo Tanga na Morogoro, ambao babu zao hawakurudi tena.

Jambo hili lilichunguzwa baadaye na mtaalamu mmoja wa Marekani, Mark Granovetter. Hakuwauliza wakulima, aliwauliza watu wa kazi za ofisi na ufundi wa juu katika mji wa Newton, karibu na Boston, jinsi walivyopata kazi walizokuwa nazo. Zaidi ya nusu yao walizipata kwa njia ya watu waliowajua, si kwa matangazo. Huenda msishangae. La kushangaza ni hili alilolichapisha mwaka 1973. Aliwachukua watu 54 waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, akawauliza wakati ule walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Katika kila 100, walioonana naye mara kwa mara, yaani mara mbili kwa juma au zaidi, walikuwa kama 17 tu. Walioonana naye mara moja moja walikuwa kama 56, na waliobaki, kama 28, walionana naye mara moja kwa mwaka au pungufu.

Sababu yake si ngumu. Ndugu yako na rafiki yako wa kila siku wanajua yale yale uyajuayo. Mnakaa mahali pamoja, mnasikia habari moja, na kazi ikikosekana kwako imekosekana na kwao. Yule mnayeonana mara moja kwa mwaka anaishi miongoni mwa watu wengine, naye husikia mambo usiyoyasikia. Wazee wetu wamesema fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwa nyoka ni kweli kabisa. Kwa habari za kazi, mara nyingi fimbo ya mbali ndiyo inayoua. Mwaka 2022 wataalamu wengine walichapisha uchunguzi uliofanywa juu ya watu zaidi ya milioni 20 wanaotumia mtandao wa kazi uitwao LinkedIn, wakaona jambo lile lile, ila wakaongeza kwamba asiwe wa mbali mno. Mtu mnayejuana kidogo hufaa kuliko ndugu, na hufaa kuliko mgeni kabisa.

Na katika Kasulu na Kibondo, watu wa namna hiyo ni akina nani? Kijana akiulizwa atasema hana mtu. Mara nyingi anao, ila hajawahesabu. Yuko mwalimu aliyemfundisha darasa la tano kisha akahamishwa. Yuko mwenzake wa chuo cha Kabanga aliyepata kazi Mwanza. Yuko dereva wa lori anayebeba maharage kutoka sokoni Kasulu, ambaye kwa juma moja hupita miji kumi na husikia wapi panajengwa ghala. Yuko muuguzi, yuko mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kila mkandarasi akija wilayani lazima apite kwake kununua misumari. Mwenye duka huyo pengine ajua kazi zinazokuja kabla ya Mkuu wa Wilaya kuzitangaza. Kwa wanawake, vikundi vya kuweka na kukopa ni mahali pema sana pa kupashana habari, maana hukutana humo mama wa shamba, mama wa mgahawa, fundi wa cherehani na mke wa mwalimu, ambao pengine wasingekutana popote.

Na tusisahau kambi za wakimbizi. Nyarugusu, katika Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu wa Kongo. Nduta, katika Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoingia kwa wingi. Mtendeli, katika Kakonko, ilipokea watu tangu 2016 ikafungwa mwaka 2021. Mashirika yaliyokuja kuwahudumia yalihitaji madereva, walinzi, wauguzi, walimu na wakalimani, na Mha ana bahati ya kusikilizana na Mrundi pasipo kwenda shule ya lugha. Lakini kazi za namna hii zina mwisho. Kambi ikifungwa, na kazi imefungwa. Yule ambaye katika miaka hiyo alijuana na bwana stoo wa shirika jingine, na fundi wa maji kutoka Dodoma, na karani kutoka Arusha, amebaki na kitu hata kama mshahara umekatika. Yule aliyezungumza na watu wa kijiji chake peke yao kambini, arudi kijijini na hao hao.

Sasa namna ya kuomba. Hapa vijana wengi huharibu, si kwa ubaya, bali kwa haraka. Humwendea mtu na kumwambia, "Nitafutie kazi." Mwombwaji hana kazi mfukoni. Huona aibu kusema hana, basi hujibu, "Tutaona," na tangu siku ile akikuona kwa mbali hupita njia nyingine. Umempoteza. Afadhali umwombe kile alicho nacho, yaani habari. Tazameni mfano huu wa kijana na fundi mkuu katika jengo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna kazi gani?"

"Sikuja kukusumbua, fundi. Nimejifunza uashi miaka miwili kwa mzee mmoja wa Heru Juu. Nataka kujua tu, majengo ya namna hii yakiisha, mafundi huenda wapi?"

Swali kama hilo halimtishi mtu. Fundi ataeleza, maana kila mtu hupenda kueleza mambo ya kazi yake. Pengine atauliza, "Wajua kupanga kona?" na kijana atapewa mwiko ajaribu. Hata asipopewa kitu, ameondoka na jina la mkandarasi na la mji. Na fundi amekwisha kuuona uso wake.

Kwa aliye mbali, andika barua, au ujumbe wa simu, lakini usiandike "mambo vipi" ukanyamaza. Barua moja yaweza kuwa hivi:

"Kwa Mwalimu wangu mpendwa. Shikamoo. Mimi ni yule mwanafunzi wako wa darasa la saba niliyekuwa nikitunza bustani ya shule. Tangu mwaka juzi nimefanya kazi kwa fundi seremala hapa Kasulu, nami najua kupiga randa na kutengeneza milango, madirisha na viti. Nasikia huko uliko majengo mapya yanajengwa. Sikuombi unipatie kazi, ila kama wajua, nakuomba unijulishe ni mkandarasi gani anayejenga, na ni nani anayepokea mafundi. Fundi wangu amekubali kuulizwa habari zangu, na namba ya simu yake nimeiandika hapa chini. Nakutakia heri na afya njema, mwalimu. Mimi mwanafunzi wako."

Barua hii ni fupi, tena inamkumbusha mwalimu mwandishi ni nani, maana mwalimu amefundisha watoto mia nyingi. Inasema kazi anayoijua mtu kwa majina ya vitu, si kwa kusema "niko tayari kwa kazi yoyote." Neno hilo "kazi yoyote" vijana hulidhani kuwa unyenyekevu, lakini humwacha msomaji bila la kufanya. Akisikia kesho kwamba anatakiwa mtu wa madirisha, hatamkumbuka yule wa kazi yoyote.

Tumesema kwamba kudhamini ni kuzito kuliko kutoa habari. Mtu akisema mbele ya mwajiri, "Huyu namjua, mchukue," ameliweka jina lake rehani. Ukichelewa kazini, yeye amechelewa. Ukiiba saruji, yeye ameiba. Na siku atakapomleta mtu mwingine, hatasikilizwa. Ndiyo sababu yule mnyapara wa zamani alimtazama kwanza mleta watu. Basi si haki kumwomba udhamini mtu asiyeuona mkono wako. Mjomba anayekupenda lakini hajakuona ukifanya kazi ana upendo tu wa kushuhudia, na mwajiri hanunui upendo. Mzee uliyemfanyia kibarua cha miezi mitatu, ukaja kila asubuhi, ana la kusema.

Siku hizi matangazo mengi ya kazi hutaka mwombaji aandike majina ya wadhamini watatu, pamoja na anwani na simu zao. Vijana huyaandika majina ya wakubwa, mbunge au padri au mkurugenzi, pasipo kuwaambia. Kisha mkubwa akipigiwa simu husema, "Simkumbuki." Hapo hata cheti kizuri hakikusaidii. Mwombe mtu ruhusa kwanza, umwambie ni kazi gani unayoiomba, na umpe muda wa kukataa. Akikataa, usimkasirikie, amekuepusha na ushahidi wa mashaka.

Nasi tuliokwisha kupata kazi tuna wajibu wetu. Tukiombwa kumsemea mtu, tuseme tuliyoyaona. Si dhambi kusema, "Nimemwona miezi miwili tu, ni mwaminifu, lakini mashine hajaizoea." Waajiri huamini maneno ya namna hiyo kuliko sifa tupu. Na tukimjua mtu wa kijiji kingine, au wa dini nyingine, au msichana, anayeweza kazi kuliko mtoto wa ndugu yetu, hapo ndipo tunapojipima. Kumsemea mtu kwa kazi yake ni haki. Kumpa mtu nafasi kwa damu yake, na mwingine aliyestahili akarudishwa mlangoni, ni upendeleo, hata tukiupa jina la kusaidiana.

Kwa kazi za Serikali yapo mambo ya kukaza zaidi. Nafasi nyingi katika utumishi wa umma hutangazwa waziwazi na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao wake. Mtu mnayejuana aweza kukuambia kwamba tangazo limetoka, maana siku za kuomba ni chache na kijijini habari huchelewa. Aweza kukusaidia kujaza maombi kama huna kompyuta, au kukueleza usaili huwaje. Lakini hawezi kukupa nafasi, na anayesema aweza, akataka kwanza shilingi laki mbili za "kufungua faili," huyo ni mwizi. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Sheria hiyo hiyo inamshika mwenye mamlaka anayetaka mwili wa msichana kuwa malipo ya kazi. Mambo hayo hupelekwa TAKUKURU. Na kwa mawakala wa kazi wasio wa Serikali, mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba mtafuta kazi asitozwe ada. Anayestahili kulipa ni mwenye kutaka mfanya kazi. Kanuni hiyo ni kipimo kizuri. Ukiona fedha inatoka kwako kwenda kwa yule anayedai kukupa kazi, simama kwanza.

Wazazi, hapa twataka mtusikilize vizuri. Mara kwa mara hufika kijijini mtu mwenye nguo nzuri, pengine ni ndugu kabisa, akasema, "Nipeni huyu binti, nina mama mmoja Dar es Salaam anataka msaidizi wa nyumbani, tena atamsomesha." Wazazi huona heri imeingia mlangoni. Wako waliopata heri kweli. Wako na waliofungiwa ndani, wakafanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku pasipo mshahara wala shule, wakapigwa, na hawakuwa na nauli ya kurudi. Kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam kwa reli ni kama kilometa 1,250. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hawezi kuzitembea. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na sheria ya mwaka 2008 inaadhibu usafirishaji wa watu kwa udanganyifu.

Kwa binti aliyekwisha kufikia umri wa kazi, ulizeni jina kamili la mwajiri, mtaa wake, na namba ya simu. Zungumzeni naye wenyewe kabla ya safari, msikie sauti yake. Mshahara ni kiasi gani, na utalipwa mkononi mwa nani? Yampeni maandiko hayo Afisa Mtendaji wa kijiji. Na binti apewe simu, au walau namba ya mtu mmoja wa Buha anayekaa mji huo. Mleta habari akichukia kuulizwa maswali haya, asipewe mtoto. Wale wazee waliokwenda mkongeni waliuliza mambo ya mnyapara na ya maji kabla hawajafunga safari. Mbona sisi tuulize machache kuliko wao?

Kazi nyingine zaweza kuja karibu zaidi na nyumbani. Mnamo Desemba 2022 Serikali ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma. Kazi kubwa kama hiyo huhitaji waashi, wapishi, walinzi, makarani na madereva. Hata mradi ukiwa karibu na kijiji chako, habari zake zaweza kupita mlangoni pako usizisikie, kama huna unayejuana naye ndani yake. Aliyepata kazi ya kwanza awaambie wa pili, na asiwaambie wa ukoo wake tu.

Limebaki jambo moja la karatasi, nalo husahauliwa. Kazi yako ikiisha, kwa heri au kwa shari, sheria ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi. Kiombe kabla hujaondoka mahali hapo, ukiwa bado wajua ofisi iko wapi na karani ni nani. Mwombe na fundi wako au mkubwa wako namba ya simu, umwulize kama atakubali kuulizwa habari zako. Andika namba hiyo katika daftari, si katika simu peke yake, maana simu huibwa. Cheti kipige picha, nakala moja mwachie mama nyumbani, na chenyewe ukitie katika mfuko wa nailoni, ukiweke juu pasipofikiwa na mchwa.